Mbeleko Iliyobaki Bandani

Anyitike alianza kulia kabla hawajafika bandani. Alikuwa ameshaijua njia. Walipofika kwenye mti wa mlingoti uliokatwa kichwa, pale njia ya kambini inapoachana na njia ya kiwandani, alikamata gauni la mama yake kwa ngumi mbili akapasua sauti. Mama huyo, Tusajigwe, alijua kwamba wanawake waliotangulia wamesikia na sasa wanatazamana.

"Kengele imefika," alisema mmoja wao, na wengine wakacheka.

Banda la watoto la Shamba la Lugema, huko Mufindi, lilikuwa chumba kimoja cha matope na bati kilichojengwa karibu na mizani ya chai. Mzungu mwenye shamba alikuwa amekataza mtoto kubebwa kwenye mistari ya chai. Alisema mtoto mgongoni humpunguzia mama majani kikapuni, utadhani yeye mwenyewe aliwahi kuchuma na mtoto mgongoni akaona tofauti. Basi akajenga banda, akamweka Severina humo kuwa mlezi, na kila mchumaji mwenye mtoto mchanga akatakiwa kumwacha hapo tangu alfajiri. Angemnyonyesha mara moja tu, saa nne, majani ya asubuhi yanapopimwa. Baada ya hapo asingemwona tena mpaka jioni.

Watoto wengine walikuwa wamezoea. Walikunywa uji, wakanyang'anyana vijiti, wakalala mkekani ubavu kwa ubavu. Anyitike, mwenye miezi saba, hakuwa amelala bandani hata mara moja. Tangu azaliwe alilala ziwa likiwa mdomoni au akiwa amefungwa mgongoni kwa mama yake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba duniani kuna namna nyingine ya kulala. Akilia yeye aliamka wa pili, akaamka wa tatu, na banda zima likawa msiba. Kuzaa si kazi, kazi kulea, wanasema watu. Mwenye kusema hivyo hakuwahi kulea na kuchuma chai siku moja.

Severina alimpokea mtoto bila salamu. Alikuwa mjane wa Kihehe, mrefu, mwenye mikono mikavu, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumwona akicheka.

"Nguo umeleta?"

"Nimeleta hii, mama." Tusajigwe alimpa kipande cha blanketi alichokifua jana yake kwa sabuni ya mche.

Severina alikinusa akamrudishia. "Sikukwambia safi. Nilikwambia hiyo." Alionyesha kwa kidevu mbeleko, kaniki iliyopauka ambayo Tusajigwe alikuwa ameifungua sasa hivi mgongoni. "Hiyo ina jasho lako na maziwa yako. Nikimlaza juu yake atatulia. Mtoto ananusa, si mjinga. Ukileta sabuni atanusa sabuni."

"Hii siwezi kuiacha."

"Basi usiniulize kwa nini halali."

Tusajigwe alijifunga mbeleko kiunoni akaondoka, kilio kikimfuata mpaka ndani ya ukungu. Alikuwa na sababu yake, na aliiamini kwa moyo wote. Severina alikuwa amezika watoto watatu. Wa mwisho, Fanueli, alikufa akiwa ndiyo kwanza anaanza kukaa, na kaburi lake lilionekana kutoka mlangoni pa banda, limezungushiwa mawe. Na mama yake Tusajigwe, siku alipomsindikiza kutoka kwao Rungwe, alimkanya asije akatia mbeleko yake mikononi mwa mwanamke anayezika, maana mtoto aliyebebwa humo atawafuata wale waliotangulia. Wanawake wa kambi nao walimuunga mkono, wakasema kweli, usimpe. Hao hao walimwachia Severina watoto wao kutwa nzima. Waliuogopa mkono wake kwenye nguo, hawakuuogopa kwenye mtoto, na hakuna hata mmoja aliyeona kioja hapo.

Saa nne alirudi mbio, kikapu kikiwa nusu. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa, maana kutoka mistarini kilio kilisikika, na kila kiliposikika maziwa yalimtoka. Wanaume wa mizani waliona. Hawakugeuza macho.

Liberatus, mnyapara, alishika ukingo wa kikapu akachungulia ndani.

"Mama Anyitike, umekuja kuchuma au umekuja kukamuliwa?"

Wanaume wakacheka. Tusajigwe alikazia macho majani yake. Liberatus hakuwa mtu mkatili kwa asili. Alikuwa mtu aliyeogopea kiti chake, na watu wa namna hiyo huwa wabaya kuliko wakatili. Akamweleza, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwamba wenzake wamelalamika. Watoto wao hawalali, wanarudi nyumbani wagonjwa kwa kuchoka. Mlezi naye amesema ana mikono miwili tu. Kukiwa hakujatulia mpaka Jumamosi, nafasi yake atapewa mwingine.

"Na chumba?" Tusajigwe aliuliza polepole.

"Chumba ni cha mfanyakazi," alisema Liberatus. "Mumeo si mfanyakazi tena."

Hilo lilikuwa kweli. Saulo, mumewe, alikuwa fundi kwenye mashine ya kusokota chai mpaka siku mashine ilipoingiza mkono wake wa kulia pamoja na majani. Shamba likamfunga bandeji, likampa pole, likamwambia anaweza kuendelea kukaa kambini madhali mke wake anachuma. Kwao Njombe kaka zake walikuwa wamegawana mashamba wakijua yeye ana mshahara. Kazi ya Tusajigwe ikikatika, hawakuwa na pa kulaza hata huyo mtoto asiyelala.

*

Jioni Saulo alikuwa amekaa kizingitini na kibuyu chake cha ulanzi, pombe ya mianzi. Ilikuwa masika, mianzi ilikuwa inatoa, na ndiyo kazi pekee aliyobakiwa nayo: kwenda bondeni kunapokucha, kuyakata machipukizi ya mianzi upya kwa mkono wa kushoto na kukusanya utomvu uliodondoka usiku.

Tusajigwe alimweleza habari ya Jumamosi. Akamwambia kwamba yeye, baba, angeweza kukaa na mwanawe nyumbani.

"Kwa mkono upi?" aliuliza Saulo. "Na kwa ziwa lipi? Nibebe mtoto mgongoni, wenzangu wa kiwandani wanipite wakienda kazini?"

"Wamenicheka mimi leo. Hawakunimaliza."

"Wewe ni mwanamke."

Tusajigwe aligeuka akapuliza moto. Alikuwa na jibu, lakini lilikuwa jibu la kuvunja nyumba, akalimeza pamoja na moshi. Saulo naye aliona ameukosa uungwana, na kama wanaume wengi waliokosea, badala ya kuomba radhi akatoa shauri.

"Mpe mtogwa," alisema. "Atalala kama gogo. Sisi Wabena wote tumekua kwa mtogwa."

Mtogwa ni ulanzi wa asubuhi ile ile, mtamu, ambao haujaanza kuuma. Kweli watoto wa huko huunywa, wala hakuna anayeshangaa. Lakini Tusajigwe alitoka kwenye migomba, hakujua mambo ya mianzi, na Saulo hakumwambia lile ambalo kila mtoto wa Kibena hulijua kabla hajajua kufunga mbuzi: kwamba mtogwa hausubiri. Jua likipanda, nao unapanda. Na kibuyu ni lazima kioshwe kwa maji ya moto, kwa sababu machicha ya jana yakibaki humo yatauchachusha wa leo kabla ya saa nne. Hakumwambia kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kuambiwa. Ni jambo alilokua nalo.

Asubuhi alirudi bondeni na mtogwa, akammiminia mkewe kiasi. Tusajigwe akachukua kibuyu kidogo kilichoning'inia ukutani, kibuyu cha Saulo cha kutembelea. Alipochungulia aliona machicha meupe yameganda chini. Alidhani ndiyo yanayoupa ulanzi harufu yake nzuri, akayaacha.

Saa nne, baada ya kumnyonyesha, alimgeuzia Severina mgongo akamdondoshea mtoto matone machache kwa kifuniko cha kibuyu. Yeye mwenyewe alionja kwanza. Ulikuwa mtamu, na nyuma ya utamu palikuwa na kitu kinachochoma ncha ya ulimi, naye akasema moyoni, kumbe ndivyo ulivyo. Anyitike alilamba midomo. Kabla mama yake hajajitwika kikapu, alikuwa amelala.

Siku ile banda lilinyamaza. Wanawake walimpongeza Tusajigwe jioni kana kwamba ni yeye aliyelala. Liberatus alimpita akatikisa kichwa kwa kuridhika. Severina peke yake ndiye aliyemkabidhi mtoto kwa jicho baya.

"Umempa nini?"

"Ziwa tu, mama."

"Ziwa amelijua tangu azaliwe," alisema Severina, akamgeukia mtoto mwingine.

*

Kesho yake alimpa zaidi, kwa sababu jana jioni alimkuta ameshaamka, akaogopa leo angeamka mapema zaidi akalia. Jua lilikuwa limetoka tangu asubuhi, jambo la nadra Mufindi wakati wa masika, na kibuyu, ambacho safari hii pia hakikuoshwa, kilikuwa kimeshinda kiunoni mwake chini ya gunia la kujikingia umande. Kizibo kilipotoka kilitoa mlio. Alipoonja, ulanzi ulimkwaruza koo. Alisita. Hilo lisemwe kwa haki yake, kwamba alisita. Kisha akasikia nyuma yake sauti ya Liberatus ikihesabu vikapu, akakumbuka kwamba kesho ni Jumamosi, akainamisha kifuniko mdomoni mwa mtoto, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka Anyitike akageuza uso.

Alichuma vizuri siku hiyo. Vidole vilimwendea vyepesi, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Hakikusikika kilio chochote kutoka bandani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi aliimba pamoja na wenzake.

Wimbo ulikatika upande wa chini. Wanawake walikuwa wamenyooka, wanatazama. Severina alikuwa anapanda katikati ya mistari ya chai, mtoto mgongoni, mahali ambapo mtoto mgongoni amekatazwa. Hakukimbia. Alitembea kwa hatua ndefu, akisukuma matawi kwa mapaja, mpaka akamfikia Tusajigwe. Alimfungua Anyitike akamweka mbele ya uso wa mama yake.

"Nusa."

Tusajigwe alinusa. Pumzi ya mtoto ilikuwa na harufu ya kilabu. Kichwa kilining'inia, macho yalikuwa nusu wazi na hayakumwona mtu, na mguu alioushika ulikuwa wa baridi. Kikapu kilimdondoka mgongoni, na majani ya nusu siku yakamwagika kwenye tope.

"Sikumpa ule mkali," alisema. "Nilimpa mtogwa."

Severina alimpokonya kibuyu kiunoni, akachungulia, akaona machicha. Hakuuliza tena. Alikitia ndani ya gauni lake, kwa sababu Liberatus alikuwa anakuja, mkononi ana fimbo yake ya kupimia mistari.

Mnyapara alianza na mtoto kuwa shambani, akaendelea na majani yaliyomwagika. Akamaliza kwa kusema alijua, tangu mwanzo alijua kwamba huyu Mnyakyusa atamletea balaa, na leo leo arudishe kikapu.

"Mtoto ameshikwa na tumbo," alisema Severina. "Anataka joto la mama yake. Unampa mama yake ruhusa, au nimlete kwako umbebe wewe?"

Liberatus alimtazama mtoto akarudi nyuma hatua moja. Dresa, tabibu wa shamba, alikuja Jumatatu tu, na mtoto akifa siku ya kazi kuna maswali ambayo mnyapara hujibu kwanza. Akasema haya, nendeni, ila kikapu kitapimwa kama kilivyo.

Bandani Severina alifunga mlango. Alimwamuru Tusajigwe avue gauni mpaka kiunoni, akamlaza mtoto uchi kifuani pake, kisha akanyoosha mkono.

"Lete mbeleko."

Safari hii Tusajigwe aliifungua mwenyewe. Severina aliwazungushia wote wawili, mama na mwana, akakaza fundo. Akaanza kumfinya mtoto nyayo. Kila aliposinzia alimfinya, kwa nguvu, mpaka Tusajigwe akataka kumpiga kofi. Akamwagiza akamue ziwa tone kwa tone kwenye ulimi wa mtoto, asiache, hata kama hamezi. Mtoto hakumeza. Maziwa yalitiririka shingoni. Watoto wengine waliamka wakakaa mkekani kimya, wakitazama.

"Unaogopa mkono wangu," alisema Severina, akiendelea kufinya. "Wote mnaogopa. Najua mnayosema mtoni. Lakini mimi sijamlevya mtoto wa mtu. Wako ndio uliomlevya."

Tusajigwe aliinamisha kichwa juu ya mtoto. Alikuwa analia bila sauti, akikamua.

Jua lilikuwa limeshahama mlangoni Anyitike alipokunja uso. Alimeza mara moja, akatapika, akameza tena. Halafu akalia. Kilikuwa kilio kibovu cha sauti iliyokwama, na Tusajigwe, aliyekuwa amekichukia kilio hicho siku zote za wiki, alimkumbatia mwanawe.

"Nimesema tumbo kwa sababu wakijua ni pombe watanifukuza mimi kabla yako," alisema Severina. "Sikukuokoa wewe. Usinishukuru."

"Sikushukuru."

"Vizuri." Aliinuka akaenda kukoroga uji uliokuwa umeungua.

*

Saulo alipoelezwa aliutazama mkono wake mbovu. Mwisho akauliza, "Kibuyu hukukiosha?"

Tusajigwe alikitoa kibuyu, alichorudishiwa na Severina, akakipiga kwenye jiwe la kusagia. Saulo alisogea akachuchumaa. Aliokota vipande kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, na tangu siku hiyo, walipokuwa wao wawili tu na mlango umefungwa, alikubali kumpakata mtoto.

Jumamosi alfajiri Tusajigwe alisimama mlangoni pa banda na mbeleko mkononi, haijafuliwa. Liberatus alikuwa amemwachia kazi mpaka jioni, ajionee kama mtoto atatulia.

Severina alimpa masharti bila kumtazama. Amnyonyeshe hapo hapo mlangoni, lakini amwondoe ziwani kabla usingizi haujamchukua. Amlaze akiwa macho, ajue yupo wapi. Kisha aende, na asigeuke, maana mama anayegeuka humfundisha mtoto kwamba kulia kunalipa. Tusajigwe alifanya yote. Aliitandika mbeleko mkekani kwa mikono yake, akamlaza mwanawe juu yake, akaenda. Mama yake wa Rungwe alimsuta njia nzima kichwani.

Siku hiyo kilio kilifika mistarini, akachuma akiuma meno. Lakini kilikatika kabla ya saa nne, kikarudi, kikakatika tena. Jioni Severina alimwambia Liberatus kwamba mtoto amelala kidogo, na mnyapara akasema basi, wiki moja zaidi. Katika wiki hiyo kilio kilizidi kufupika. Anyitike alijifunza kuivuta ncha ya mbeleko mpaka puani na kuinyonya pembe. Wanawake waliacha kumwita kengele, wakapata mwingine wa kumcheka.

Mbeleko haikurudi nyumbani tena. Severina alisema ikienda na kurudi itapoteza harufu, bora ibaki. Tusajigwe alianza kumbeba mtoto jioni kwa kile kipande cha blanketi. Mgongo wake uliisikia tofauti.

Ikaja asubuhi moja ya mvua nyembamba. Saa nne ilipogongwa alipima kikapu kilichojaa, Liberatus akakipitisha, naye akashuka bandani haraka huku maziwa yakimuuma kifuani. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Severina alimwona kwenye ufa, akamwekea kiganja cha kumzuia.

"Amelala," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa hivi tu, mwenyewe. Ukimwamsha utatuharibia kazi yote."

"Nina maziwa, mama. Yananiuma."

"Kayakamulie kwenye majani. Atanyonya jioni. Rudi kazini."

Mlango ulirudi. Tusajigwe alisimama chini ya mchirizi wa bati, maji yakimdondokea begani. Hiki ndicho alichokuwa amekiomba, mtoto alale, kazi ibaki, chumba kibaki. Alikipata chote. Aliinama akakamua ziwa kwenye nyasi, na maziwa yakapotea katika maji ya mvua.

Ndani Anyitike alishtuka akatoa kilio kimoja kifupi. Tusajigwe alishika mlango. Akasikia hatua za Severina mkekani, akasikia nguo ikivutwa, na sauti ambayo hakuwahi kuisikia kutoka kwa mwanamke yule, laini, ya chini, ikibembeleza kwa Kihehe. Maneno mengi hakuyaelewa. Moja alilielewa, kwa sababu lilirudiwa.

"Nyamaza, Fanueli. Nyamaza, Fanueli wangu."

Mtoto akanyamaza.

Tusajigwe aligeuza uso, na pale mbele yake, ng'ambo ya njia, palikuwa na kaburi dogo lililozungushiwa mawe, limelowa. Mkono wake ulikuwa bado mlangoni. Angeweza kusukuma. Angeweza kumnyakua mwanawe na kuivuta mbeleko kutoka chini yake, kisha jioni waanze kufungasha. Kutoka mizanini Liberatus alikigonga chuma cha saa mara ya pili, kuwaita waliochelewa.

Aliuachia mlango polepole ili usilie, akajitwika kikapu, akapanda kwenye mstari wake.